Piko Juu ya Alama za Mionzi

Kama na wewe umeshachorwa kifuani, utanielewa upesi. Kama bado, na umepewa tarehe ya kwenda kuchorwa, soma pole pole, maana haya mimi sikuambiwa na mtu. Naitwa Mama Nasra, mkazi wa Gerezani, nauza sidiria mtaa wa Kongo pale Kariakoo, na mdomo wangu majirani wote wanaujua. Lakini mwaka ule wa ugonjwa mdomo uliniisha. Niliogopa mpaka nikawa naogopa hata kujikuna.

Titi langu la kushoto lilitolewa lote. Sehemu hiyo sitaikalia sana, wameiandika wengi. Baada ya kidonda kupona nikaingia kwenye dripu za dawa ya saratani, na kiangazi chote kile cha joto kali kikaishia humo. Nywele zikaondoka, nyusi zikafuata, kucha zikawa nyeusi, mate yakawa na ladha ya msumari. Nikipata nafuu naenda dukani, nakaa nyuma ya pazia, nawatajia wateja saizi kwa sauti. Mimi mwanamke akikata kona tu naijua saizi yake. Hawakujua kwamba anayewauzia amejaza sponji upande mmoja. Siku moja sponji lilipanda likakaribia bega, mteja akaliona, akageuza macho kwenye ukuta, akalipa akaondoka bila kuomba apunguziwe. Kariakoo hiyo! Nilicheka peke yangu, halafu nikalia.

Nyumbani tulikuwa wanne. Mume wangu, Baba Nasra, anauza spea za magari hapo hapo Gerezani, mtu wa maneno machache. Binti yetu Nasra anasoma chuo, na hasira zake amezirithi kwangu. Wa nne ni Shangazi Zuhura, dada wa marehemu baba yangu, aliyenilea tangu mama yangu alipofariki nikiwa bado nanyonya. Sina mama mwingine ninayemjua zaidi yake.

Shangazi ni mchoraji wa piko. Ile rangi nyeusi wanayochorwa maharusi mikononi na miguuni, ikishakauka huitoi kwa sabuni wala kwa maji ya moto, mpaka ngozi yenyewe iamue. Kuanzia Kariakoo mpaka Buguruni, familia za kipwani zikiwa na harusi zinamtafuta yeye. Mkono wake hautetemeki. Na anachokipenda kuliko vyote ni vitu kulingana: ua la mkono wa kulia liwe pacha wa ua la mkono wa kushoto. Likizidi kidogo tu halali, na bibi harusi naye halali.

Dripu ziliisha masika yakiwa yanaanza. Nikaambiwa sasa ni zamu ya mionzi.

Siku ya kwanza hawakunichoma, walinipima tu. Chumba kina baridi, kitanda chembamba, juu yake ubao ulioinuka upande wa kichwa. Alinipokea dada mmoja mtaalamu wa mionzi, Neema, umri wake ningeweza kumzaa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akaniambia nivue mpaka kiunoni, nilale chali, ninyanyue mikono yote miwili nishike vishikio nyuma ya kichwa.

Jamani, ule mkono wa kushoto! Tangu operesheni bega lilikuwa limekaza, hata kuchana nywele ningeshindwa kama ningekuwa nazo. Niliunyanyua kidogo kidogo huku machozi yakinitoka kwenye pembe za macho na kuingia masikioni. Neema aliniwekea kimto chini ya kiwiko, akasubiri. Halafu akanipa maelekezo ambayo kwa mtu kama mimi ni adhabu.

"Mama, tukikusogeza usitusaidie. Jilegeze, lala kama umesinzia. Ukijisogeza mwenyewe unatuharibia."

Mimi nisisaidie? Nimejibeba maisha yangu yote. Kila walipovuta shuka wanisogeze, mgongo wangu ulikuwa unatangulia wenyewe, na Neema anacheka, "Mama, umeanza tena." Mwisho nikajilegeza. Mistari ya mwanga mwekundu ikatoka ukutani na kwenye dari ikanikata kifua. Wakachukua kalamu ya wino wakanichora msalaba mmoja katikati ya kifua, mmoja ubavu huu, mmoja ubavu ule, na vijistari vingine viwili vitatu.

"Hizi ndizo zitatuonyesha kila siku kwamba umelala kama ulivyolala leo," Neema aliniambia. "Mipango yote ya mionzi yako itafanywa kwa ulalo huu. Mashine haikujui sura, inajua hizi alama. Hapa chini kuna pafu, na hapa kuna moyo. Tukikosea kidogo, mionzi inapita pasipotakiwa. Kwa hiyo usizioshe, usizisugue. Zitunze kama mboni ya jicho."

Katika maneno yote hayo mimi nilichukua neno moja tu, moyo. Kumbe moyo uko pale pale chini ya kovu! Nilijua uko kushoto, nani hajui, lakini sikuwahi kufikiri kwamba moto wenyewe utapita jirani na mlango wake. Nilirudi nyumbani nimejikunja mbele kama mtu aliyebeba mayai kifuani.

Basi nikaanza. Ukishapangwa pale kitandani wanatoka wote, mlango mzito unafungwa, unabaki wewe na mashine. Kinachosikika ni mlio kama wa nyuki ndani ya mzinga, halafu kimya, mashine inazunguka, mlio tena. Haiumi. Mimi nilikuwa najiuliza jambo moja kila siku: kama kitu hiki ni dawa, mbona wanakimbia? Nilimuuliza Neema, akanieleza vizuri kwamba wao wako humo mwaka mzima na mimi napita tu. Nilimwelewa, na kesho yake nikaogopa vile vile.

Kwenye mabenchi ya kusubiri tulikuwa tunajuana kwa khanga. Kuna mmoja tuliyezoeana sana, Esta, kutoka Songea, amefikia kwa kaka yake Mbagala. Yeye alikuwa ametangulia, ngozi yake imeshaanza kuungua. Kila akija alikuwa na chungwa lililomenywa tayari, ananigawia nusu bila kuniuliza. Kichefuchefu kilikuwa hakiniruhusu kula asubuhi, lakini nusu ile ya chungwa ilishuka.

Sasa masika ya Dar unayajua. Mvua ikikatika jua linatoka na mvuke unapanda kutoka chini. Ukisimama umelowa, ukikaa umelowa. Alama zangu zikaanza kufifia. Msalaba wa ubavu wa kushoto, unaosuguana na mkono, ukabaki kivuli tu.

"Mama, waambie hospitali wakuchore tena," Nasra alisema.

"Niwaambie nini? Niliambiwa nizitunze."

Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa. Nilijiona nimeshaharibu. Niliwaza watanirudisha mwanzo wa foleni, mipango ianze upya, na huko ndani ugonjwa unaendelea na kazi yake. Hilo ndilo lililonifunga mdomo.

Jumamosi mchana, siku ambayo mionzi haipigwi, Shangazi alikuwa ananipangusa kwa kitambaa kama kawaida yake, anazunguka zile alama kwa uangalifu. Akasimamisha mkono.

"Mwanangu, hizi zinakwenda."

Nikaangalia. Nikaanza kulia kwa sauti, mtu mzima mimi, mama wa mtoto wa chuo.

"Unalia nini sasa? Mimi hapa duniani kazi yangu ni nini?"

Akaenda chumbani kwake akarudi na bakuli lake la piko na kile kijiti chake chembamba. Nilikuwa nimekaa mkekani, mgongo nimeegemeza kitandani, mkono wa kushoto nimeulaza juu ya mto kwa sababu ya maumivu ya bega. Akanipangusa jasho kwa pamba yenye maji ya waridi. Akarudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa, akaniangalia anavyoangalia maharusi wake.

"Hee! Nani kachora hivi? Huu wa kushoto umeshuka, haulingani na mwenzake. Watoto wa siku hizi hawana jicho."

Na akachora. Wa katikati akaunyoosha. Wa kushoto akaupandisha ulingane na wa kulia. Vijistari akavikoleza. Nikauliza, "Shangazi, una uhakika?" Akanijibu, "Hizi hata uoge bahari nzima hazitoki." Nilijiangalia kwenye kioo. Mistari imenyooka, myeusi tii, mizuri. Kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze nilipata usingizi wa kweli, nikajua sasa moyo wangu una mlinzi.

Jumatatu mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, Jangwani imejaa maji, mabasi ya mwendokasi ya upande ule yamesimama. Neema anaishi ng'ambo ya huko, hakufika. Waliokuwepo walikuwa wachache, foleni imefika mlangoni. Kijana aliyenipanga siku hiyo akasema, "Mama, leo alama zako zimekolea." Nikamjibu kwa maringo, "Nimezitunza." Baadaye aliniambia alidhani wenzake ndio wamezirudia. Wakalenga mistari yao ya mwanga kwenye mistari ya Shangazi, wakatoka, mlango ukafungwa.

Na hapa nataka unisikilize vizuri. Mwili wangu uliniambia. Walivyonivuta, nilihisi nimelala upande, kiuno kiko huku na kifua kiko kule, na bega linavutwa kusiko kwake. Nilijua siku zote silali hivi. Sikusema. Nilijiambia wao ndio wasomi, mimi muuza sidiria nitajua nini. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa yake, Neema bado amezuiwa na maji. Ngozi ikaanza kuwasha pale penye piko, nikasema ndiyo dawa inafanya kazi.

Siku ya picha Neema alikuwepo. Kila baada ya siku kadhaa mashine inakupiga picha kabla ya kukuchoma, wahakikishe ulalo ni ule ule. Wakanipanga, wakatoka, wakapiga. Wakarudi. Wakanisogeza, wakatoka, wakapiga tena. Wakarudi. Ukiwa umelala hapo, kifua wazi, mikono juu, unakuwa msomaji wa nyuso. Uso wa Neema ulikuwa umekakamaa. Akachukua pamba yenye spiriti akasugua msalaba wa ubavu wa kushoto. Akasugua tena.

"Mama, huu ni wino gani?"

"Si wino. Ni piko."

"Piko?"

"Shangazi yangu kazirudia. Zilikuwa zinafutika."

Hakunigombeza. Ningepata nafuu kama angenigombeza. Alishika ukingo wa kitanda. "Alikuchora umelala hivi? Mkono juu?"

"Nilikuwa nimekaa. Mkono chini."

Alifumba macho. Kisha akaniambia nishushe mkono wa kushoto, akachukua kidole changu cha mkono wa kulia akakibana juu ya ule msalaba, kikaze mpaka kihisi mfupa wa ubavu. "Usiache huo mfupa," akasema. "Sasa nyanyua mkono taratibu." Nikanyanyua. Toba! Ngozi ilitembea. Kidole changu kimebaki juu ya mfupa, na msalaba umehama, umepanda juu, umekiacha kidole peke yake. Mpaka leo naukumbuka ule mtelezo wa ngozi chini ya kidole.

"Unaona mama? Chini ya ngozi hakijahama kitu. Sisi tumefuata ngozi."

Nikasikia sauti yangu inauliza, "Kwa hiyo mmenichoma wapi?"

"Vaa, mama. Kaa nje. Ngoja nimwite daktari."

Wakati ule wa kukaa nje siwezi kuupima. Benchi lilikuwa lile lile, wanawake wale wale, runinga ukutani inaonyesha tamthilia bila sauti. Nilikuwa nasikiliza moyo wangu. Ulipopiga haraka nilisema umeungua. Ulipotulia nilisema unasimama. Nilijaribu kusoma dua, nikawa naanza na kupotea katikati, naanza tena. Esta alikuja na chungwa lake, akaniona, akaliweka chini.

"Wamekwambia nini?"

"Wamechoma pengine. Shangazi kanichora, wamechoma pengine."

Hakuniambia usijali, wala kwamba Mungu ana makusudi yake. Alinishika mkono akakaa nao mpaka alipoitwa yeye, akawaambia wamchukue mwingine kwanza. Wema huo sitausahau.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Alikuwa na mtaalamu wa mahesabu ya mionzi, na wote walikuwa wameangalia picha zangu kwa muda mrefu. Akanieleza bila kuzunguka. Kwa siku zile chache, sehemu kubwa ya mionzi ilifika ilipotakiwa. Lakini mionzi ilikuwa imekaa upande. Ndani imekula pafu zaidi ya ilivyopangwa, na huku kwenye kwapa umebaki ukanda mwembamba ambao haukupata dawa yake.

"Na moyo?"

"Umepata kidogo zaidi ya tulivyokusudia. Si kiasi cha kukutia hofu leo."

"Leo?"

"Sitakudanganya, Mama Nasra. Madhara ya moyo yakiwepo yanakuja baada ya miaka. Kwa siku hizi chache sitegemei. Kinachonishughulisha zaidi ni ule ukanda. Tutapima upya na kupanga upya, tuufidie. Lakini lazima tusimame siku kadhaa."

"Na ukanda huo wakati tumesimama? Kama kuna kitu humo?"

"Operesheni ilisafisha. Mionzi ni kwa vile visivyoonekana."

"Kwa hiyo hamjui kama vipo."

"Hatujui. Ndiyo maana tunachoma."

Nilitoka nimebeba sentensi hiyo. Hatujui, ndiyo maana tunachoma. Pale ngazini nikakaa chini kwenye sakafu, khanga imenivuka, watu wananipita.

Nyumbani sikuwa nimefikiri nitasema nini. Nilisema tu, na nilivyokuwa nasema nilimwangalia Shangazi. Alikuwa anachambua mchele. Vidole vikasimama.

Nasra ndiye aliyelipuka. "Bibi, umetaka kumuua mama yangu! Nani alikutuma? Ni harusi hii? Kila kitu kwako ni harusi?"

"Nasra!" Baba yake alimkemea, lakini alimkemea kwa sauti ya chini. Alinyanyuka akatoka kwenda kwenye spea zake, na chakula hakugusa.

Shangazi aliniangalia mimi. Alikuwa anasubiri niseme neno. Na mimi nilikuwa na hofu kiasi kwamba hofu ilikuwa imegeuka chuki, nilikuwa natafuta mtu wa kumbebesha, na yeye alikuwa hapo mbele yangu na sinia lake. Sikumtetea. Nilisema, "Ungeniacha tu na alama zangu zilizopinda." Akainuka, akaenda chumbani. Asubuhi yake alivuka pantoni Magogoni, akaenda kwa mdogo wake Kigamboni, na mfuko mmoja wa nguo. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemzuia.

Nilipimwa upya. Piko haikutoka, kama alivyoahidi mwenyewe. Ikabidi wanichore alama mpya kwa rangi nyekundu, wakazifunika kwa plasta nyembamba inayoonyesha. Kijana yule aliyesema zimekolea alikuja kuniomba radhi. Nikamwambia na mimi niliringa. Tangu hapo kila anayeingia kunipanga anaambiwa kwanza kwa sauti, "Nyeusi si yetu." Na mimi nikapata kazi. Kila nikilala, kabla hawajatoka, nilikuwa nasema ninavyohisi: bega linavuta, kiuno kimekaa juu, leo sipo kama jana. Mara nyingi ilikuwa hofu yangu tu. Mara moja haikuwa hofu. Wakanipanga tena, na Neema akasema, "Asante mama, endelea kusema."

Zile siku za kusimama zilikuwa mbaya kuliko za dripu. Nilikuwa najigusa kwapani kila saa. Kila kijipu, kila kamba ya mshipa, ndiyo yenyewe imerudi. Ngozi ikawa nyeusi, ikapasuka, ikatoa maji, na penye piko palivimba zaidi. Nilikuwa nalala nimekaa. Baba Nasra, mtu wa maneno machache, alijifunza kunipepea kwa kipande cha boksi la spea bila kunigusa mkono, anapepea mpaka anasinzia yeye, anaamka anaendelea. Maneno sikupata, upepo nilipata.

Shangazi alikuwa anapiga simu kila jioni. Umekula? Mvua huko inanyesha? Nasra amerudi? Hakuuliza kuhusu kifua hata siku moja, na mimi sikumwambia. Baada ya siku kadhaa nilishaona haya kwa yale niliyomwambia, nikamwomba arudi. Akasema mdogo wake anaumwa miguu, atakuja. Hakuja. Watu wa harusi walianza kunipigia mimi, wanalalamika Bi Zuhura anakataa kazi, anasema mkono hauna nguvu.

Mionzi ikaisha. Masika nayo yakaisha, kikaingia kipupwe na upepo wake. Ngozi ikabanduka, chini yake ikatoka nyingine laini ya rangi ya chai ya maziwa. Nikarudi dukani siku nzima. Nikikohoa nasema pafu. Nikipanda ngazi kifua kikidunda nasema moyo. Hofu yangu ilikuwa imeshahama, imekaa kwenye tarehe moja: kipimo cha vuli, ambacho daktari alisema kitaangalia kifua chote, moyo, mapafu, na ule ukanda hasa.

Kama unasoma hili na bado hujaanza, chukua na haya. Alama zikififia, rudi kwao siku hiyo hiyo, hata kama utagombezwa. Hakuna atakayekugombeza. Usichorwe na mtu yeyote, awe na mkono mzuri kiasi gani. Na kila anayekuogesha, anayekupaka mafuta, anayekupenda, mpeleke hospitali aelezwe kama ulivyoelezwa wewe. Shangazi yangu hakuna aliyemwambia kwamba msalaba ule ulipaswa kupinda.

Kipimo kilipofika sikulala siku mbili. Niliingia, nikatoka, nikasubiri, nikaitwa. Daktari aliangalia, akaandika, akaangalia tena, na mimi nikawa namsoma uso kama kawaida. Kisha akavua miwani akaniambia. Nilimwambia arudie kwa Kiswahili cha mtaani, nisije nikawa nimeelewa ninachotaka. Akarudia. Hakuniambia nimepona, alisema nirudi baada ya miezi kadhaa tena, na tena.

Sikumpigia Baba Nasra. Sikumpigia Nasra. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja Magogoni, nikasimama kwenye pantoni katikati ya pikipiki na vikapu vya samaki, nikavuka.

Shangazi alikuwa amekaa kibarazani kwa mdogo wake, amekonda. Aliponiona alijaribu kusimama, akashindwa, akakaa tena. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Tukasalimiana habari za huko, za huku, za Nasra, za bei ya samaki. Alikuwa anaangalia mikono yake. Kisha, bila kuinua macho, akauliza kile ambacho hakuwahi kukiuliza tangu masika.

"Na pale pangu?"

Nilijua anapasema wapi, ule ukanda wa kwapani. Nilikaa chini karibu yake.

"Pasafi, Shangazi. Moyo mzima, pafu lina kovu kidogo, na pale pako hapana kitu."

"Sema tena."

"Pale pako hapana kitu."

Akanishika goti.

"Sema tena, mwanangu."

Nikasema tena.